KINANDA CHA KIKUNDI KIMENYAMAZA: TUANZIE WAPI?



Ukurasa huu umezoea kuku wa kienyeji, matangi ya maji na daftari za hesabu. Mara hii tunaleta jambo ambalo labda hamjawahi kufundishwa katika semina yoyote: kinanda cha umeme, na nini cha kufanya kikiharibika. Msicheke. Katika vigango vingi siku hizi kinanda si chombo cha kwaya peke yake. Ni mali ya kikundi. Kimenunuliwa kwa pesa za merigoraundi au kwa harambee, na Jumamosi hukodishwa kwenye harusi na matanga, na shilingi zinazopatikana husaidia kulipa karo na madeni ya hospitali. Kikinyamaza, mfuko wa kikundi nao hunyamaza.

Tuanze na kisa. Kikundi kimoja tunachokitembelea, ambacho hatutakitaja jina, kilinunua kinanda kwa kuchanga karibu miaka miwili. Siku moja walialikwa harusini. Walipofika wakakuta adapta imesahaulika nyumbani kwa mweka hazina, mlima mzima kutoka pale. Kijana mmoja akakimbia kwa jirani akaazima adapta ya kinanda kingine. Ikaingia tundu sawasawa. Wakawasha, taa haikuwaka. Wakarudisha adapta yao wenyewe siku ya pili, kimya. Mawe mapya, kimya.

Fundi wa kwanza mjini hakukifungua hata. Alisema kimekufa kabisa, lakini yeye angeweza kukinunua kama spea. Hapo ndipo matata yalipoanza. Wengine walisema mpiga kinanda ameuza vyuma vya ndani. Wengine wakasema mweka hazina aliacha adapta makusudi kwa sababu hakupewa pesa ya nauli. Akina mama wanne wakaacha kuleta mchango wa kila wiki. Sisi tulipofika kwa mkutano wetu wa kawaida tulikuta viti vitupu.

Tuliomba wasiuze kwanza. Tukakipeleka kwa mzee mmoja wa jua kali anayetengeneza redio. Huyu alifungua, akapima, akauliza:

"Mama, hiki kinanda mlikiwasha na adapta gani?"

"Ya jirani, fundi. Lakini iliingia sawasawa kabisa."

"Kuingia iliingia, mama. Lakini hii yenu inataka chanya katikati, na ile ilileta chanya upande wa nje. Stima imeingia kinyume. Shukuru Mungu wenye kiwanda waliweka mlinzi mlangoni."

Mlinzi aliyesema ni kidude kidogo kama punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuungua ili vingine vipone. Akakitoa, akaweka kingine. Kinanda kikalia. Gharama yote haikufika pesa ya kukodisha kwa siku moja. Lakini imani iliyovunjika kati ya wanachama ilichukua miezi kadhaa kurudi, na hiyo hakuna fundi wa kuilehemu.

Kwa hiyo somo letu litakaa sana juu ya stima, kwa maana ndiyo inayoua vinanda vingi vijijini. Mengine tutayapitia haraka.

ADAPTA: SOMA KABLA YA KUCHOMEKA

Geuza kinanda, au tazama nyuma karibu na tundu la adapta. Utaona maandishi madogo. Yasome na uyaandike katika daftari la kikundi leo hii, wakati kinanda bado ni kizima. Mambo ni matatu.

La kwanza ni volti. Kama kinanda kinasema 12V, adapta iwe ya 12V. Volti zikizidi sana zinaunguza, zikipungua kinanda kinazima-zima au kinakoroma.

La pili ni ampea, zinazoandikwa kwa herufi A au mA (1000mA ni sawa na 1A). Hapa watu wengi wanakosea. Ampea za adapta zinaweza kuzidi zile za kinanda bila hatari yoyote, kwa sababu kinanda huchota kiasi kinachohitaji tu. Zikipungua ndipo taabu: adapta inakuwa moto kama uji, na ukiongeza sauti kinanda kinajizima.

La tatu ndilo lililokiangusha kikundi chetu. Tafuta picha ya duara dogo lenye nukta katikati, na mistari inayoelekea kwenye alama za kujumlisha na kutoa. Alama inayounganishwa na nukta ndiyo ya katikati ya plagi. Picha kwenye kinanda na picha kwenye adapta lazima zifanane. Vinanda vingi vya Yamaha vya aina ya PSR hutaka volti 12, chanya katikati. Casio walianza kuuza vinanda vyao vya umeme mwaka 1980, na kwa miaka mingi adapta zao zilikuwa za volti 9 au 12 zenye hasi katikati, kinyume cha Yamaha. Halafu vinanda vyao vingi vya karibuni vikageuka vikataka volti 9.5, chanya katikati. Kwa hiyo hata kusema "hii ni ya Casio na ile ni ya Casio" hakutoshi. Plagi zinaweza kuingia tundu moja kama funguo mbili zinazoingia kufuli moja, lakini moja inafungua na nyingine inavunja.

Zile adapta za bei nafuu zenye kibonye cha kuchagua volti 3, 6, 9, 12 na kibonye cha kugeuza chanya na hasi, sisi hatuzipendi. Mtoto anacheza nacho jioni, asubuhi kinanda kimekufa. Kama hamna nyingine, tafuteni volti na upande sahihi, kisha zungusheni selotepu juu ya vibonye hivyo visisogee.

Adapta yenyewe ikishukiwa, usikisie. Kila kikundi kinaweza kununua mita ndogo ya kupimia umeme, ile yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Weka mita kwenye volti za moja kwa moja (DC), kwenye 20. Waya nyekundu iguse ndani ya plagi, nyeusi iguse nje. Adapta nyepesi ya kisasa ya 12V itasoma karibu na 12. Adapta nzito ya zamani, ile yenye sumaku na waya ndani, inaweza kusoma 16 au zaidi ikiwa haijabeba mzigo. Hiyo si mbovu, ndivyo ilivyo. Mita ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba, ujue hasi iko katikati. Ikionyesha sufuri, tikisa waya taratibu karibu na plagi na karibu na kichwa cha adapta. Mara nyingi waya umekatika hapo ndani ya mpira kwa kukunjwa kila Jumapili.

Kabla ya hayo yote, hakikisha soketi yenyewe ina stima. Chomeka taa au chaja ya simu hapo hapo. Waya wa nyongeza una plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ndani yake. Fyuzi ikikatika wekeni fyuzi nyingine. Ile desturi ya kuifunga kwa karatasi ya sigara iacheni, imechoma nyumba za watu.

MAWE, BETRI YA GARI NA SOLA

Vinanda vingi vinavyobebeka vina nafasi ya mawe sita chini. Sita mara volti 1.5 ni volti 9, na vinanda vingi vinafanya kazi hivyo hata kama adapta yake ni ya 12. Msichanganye mawe mapya na ya zamani, kwa sababu yaliyochoka huvuta chini yale mapya na kuanza kuvuja. Kinanda kikikaa wiki mbili bila kutumika, mtoe mawe. Tumeona chumba cha mawe kimejaa unga mweupe na kijani kama shaba iliyolala nje. Kama mmekuta hivyo, futeni kwa kitambaa kilicholowa kidogo siki au maji ya limau, kisha kitambaa chenye maji safi kidogo, kausheni kabisa, halafu sugueni chuma cha kugusia mawe kwa msasa laini mpaka king'ae. Mvae karatasi ya nailoni mkononi.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu sana. Katika aina nyingi, ukichomeka plagi ya adapta kwenye kinanda, njia ya mawe inakatwa. Basi stima ikipotea katikati ya Misa na plagi ikabaki tunduni, kinanda hakitajiwasha kwa mawe hata kama ni mapya. Chomoa plagi kwanza. Na kama tundu la adapta limeharibika ndani, mawe nayo yanaweza kukataa, na mtu anadhani kinanda kizima kimekufa.

Mahali pasipo na stima wengi hutumia betri ya gari. Kwa kinanda cha volti 12 inawezekana. Betri iliyojaa ina volti kama 12.6, hizo kinanda kinaweza kuvumilia. Lakini inapochajiwa hufika volti 14 na zaidi, kwa hiyo msipige kinanda huku injini ya gari inanguruma au chaja imewashwa. Wekeni fyuzi ndogo ya ampea 3 kwenye waya wa chanya, karibu na betri. Betri ya gari haina huruma: waya zikigusana, inatoa moto wa kuyeyusha shaba. Kwa kinanda cha volti 9 au 9.5 msiunganishe moja kwa moja hata kidogo.

Na sola. Tafadhali, tafadhali. Paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 mpaka 22 juani ikiwa haijabeba mzigo. Haiendi kwenye kinanda. Paneli huenda kwenye kidhibiti chaji, kidhibiti huenda kwenye betri, na kinanda hupata chakula chake kwa njia salama kutoka kwa betri.

Jenereta ya harusi nayo ina tabia zake. Washeni jenereta kwanza, ingojeni itulie, ndipo muwashe kinanda. Wakati wa kumaliza, zimeni kinanda kwanza. Jenereta ikiishiwa na mafuta hutapatapa, na stima hupanda na kushuka kama mlevi njiani.

Wenzetu wa Kisii na Kakamega wanajua radi. Ikianza kunguruma, kuzima batani hakutoshi. Chomoeni ukutani.

TAA IMEWAKA LAKINI HAKUNA SAUTI

Hapa msikimbilie bisibisi. Tazameni kwanza kama sauti imeshushwa. Halafu tazameni tundu la hedifoni. Ndani yake kuna ulimi mdogo wa chuma unaozima spika za kinanda pale plagi inapoingia. Ulimi huu ukishika vumbi au kutu, kinanda hudhani hedifoni bado imo, na spika zinabaki kimya. Chukueni plagi ya hedifoni muingize na kuitoa mara kumi au kumi na tano, kinanda kikiwa kimezimwa. Tumeona "vinanda vilivyokufa" vikifufuka kwa njia hii bila kutumia shilingi.

Kama sauti inatoka kwa hedifoni lakini si kwa spika hata baada ya hapo, basi ni tundu hilo au spika zenyewe. Fundi wa redio anaimaliza kazi hiyo kwa dakika chache.

Sauti ikikwaruza unapozungusha kidude cha sauti, vumbi limeingia. Zima, zungusha toka mwanzo hadi mwisho mara thelathini. Isipopona, kuna dawa ya kupuliza ya kusafishia vidude vya umeme inayouzwa na wauza spea za redio. Si mafuta ya cherehani, na si mafuta ya breki.

Mngurumo mzito wa "mmmm" kwenye spika kubwa za kanisa mara nyingi si kosa la kinanda. Chomekeni kinanda na amplifaya kwenye waya wa nyongeza mmoja, si soketi mbili za pembe tofauti za kanisa. Badilisheni waya wa kuunganisha. Msikate mguu wa tatu wa plagi ya amplifaya ili mngurumo uishe. Mguu ule ndio unaomlinda anayeshika maikrofoni.

KINANDA NI KIZIMA, ILA KIMEGUSWA

Karibu nusu ya vinanda tunavyoletewa havina ugonjwa wowote. Mtu amebonyeza batani asiyoijua.

Kwaya inaanza wimbo na waimbaji wote wanapiga kelele juu mno, au sauti ya tatu inazama chini kama kisima. Mpiga kinanda anaapa kwamba anapiga ufunguo ule ule. Ni kweli anapiga ule ule, lakini batani ya kuhamisha ufunguo, iliyoandikwa TRANSPOSE, imesogezwa. Irudisheni kwenye sufuri. Kosa hili limeleta ugomvi kati ya walimu wa kwaya na wapiga kinanda kuliko jambo lolote tunalolijua, hata kupita mishahara.

Mkono wa kushoto unaleta ngoma na besi badala ya noti za kawaida? Batani ya kufuatisha mdundo imewashwa. Noti zinaning'inia hazikomi? Chomoa pedali, zima kinanda, rudisha pedali bila kuikanyaga, kisha washa. Vinanda vingi hutazama pedali wakati wa kuwashwa, na ukiwa umeikanyaga wakati huo, vinaelewa kinyume mpaka uzime tena.

Kinanda kinazima chenyewe wakati wa mahubiri? Aina nyingi za miaka ya karibuni hujizima zikikaa bila kuguswa, nyingine baada ya dakika 30. Padre akiwa na mengi ya kusema, wimbo wa matoleo unakuta kinanda kimelala. Hakuna ubovu hapo. Mpiga kinanda awashe tena kabla ya Nasadiki kwisha, au atafute namna ya kuondoa mpango huo. Katika Yamaha kadhaa za PSR-E, washa huku umebonyeza kibao cha mwisho kabisa upande wa kushoto.

Na kama mambo yamevurugika kabisa, kinanda kinaweza kurudishwa kilivyotoka kiwandani. Kwa aina hiyo hiyo ya PSR-E, zima, bonyeza kibao cheupe cha mwisho upande wa kulia, na ukiendelea kukibonyeza uwashe. Angalieni msichanganye kushoto na kulia: wa kulia unafuta kila kitu mlichohifadhi, hata ile midundo kijana wenu aliyoitengeneza usiku kucha kwa Pasaka. Mwulizeni kwanza.

KIBAO HAKILII, AU KINAPIGA KELELE KUPITA VINGINE

Sasa tunafika mahali pa bisibisi. Tahadhari moja kwanza: kama waya wa stima ya ukutani unaingia moja kwa moja ndani ya kinanda, bila adapta ya nje, msifungue. Ndani kuna volti 240, na vidude vingine hushika stima hata baada ya kuchomoa. Hiyo ni kazi ya fundi. Kinanda cha adapta ya nje mnaweza kufungua, baada ya kuchomoa adapta na kutoa mawe.

Kinanda cha kawaida kina vibao 61. Chini ya kila kibao kuna mpira laini wenye madoa meusi ya kaboni, na chini ya mpira kuna bodi yenye njia nyeusi. Ukibonyeza, doa linagusa njia, na kinanda kinajua. Katika vinanda vinavyosikia nguvu ya kidole, kila kibao kina madoa mawili yanayogusa moja baada ya jingine. Kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili: muda mfupi, sauti kubwa; muda mrefu, sauti ndogo. Sasa vumbi likiziba doa moja, hesabu inaharibika. Ndiyo sababu kibao kimoja kinaweza kuwa bubu, au kila kikiguswa kinalia kwa nguvu zote kama mtu mwenye hasira. Sababu ni moja, uchafu.

Lakini tazameni kwanza mpangilio. Kama ni kimoja au viwili, au vilivyo karibu pale soda ilipomwagika, ni uchafu. Kama ni vibao kadhaa vinavyopishana kwa hesabu sawa toka mwanzo hadi mwisho wa kinanda, shida ni waya bapa unaounganisha bodi, au mahali palipolehemiwa pameachia. Kusafisha mpira hakutasaidia.

Kufungua: lazeni kinanda kifudifudi juu ya blanketi. Chukueni karatasi kubwa, chora umbo la kinanda, na kila skrubu mnayotoa ichomekeni kwenye karatasi mahali ilipotoka. Skrubu hazilingani urefu, na ndefu ikirudishwa pa fupi inaweza kutoboa uso wa kinanda. Hesabuni skrubu mbele ya watu wawili. Waya bapa msizivute kwa nguvu. Mkiwa na simu yenye kamera, pigeni picha kila hatua.

Mkiufikia mpira, uondoeni taratibu mkikumbuka upande ulioangalia mbele. Uosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya kuogea, suuzeni, ukauke kivulini mpaka hata vishimo vyake viwe vikavu. Bodi ipanguseni kwa pamba iliyolowa spiriti kidogo. Hapa kuna ujanja: spiriti nyingine za kupaka ngozi zina mafuta ndani. Dondosheni tone juu ya kioo, likauke. Likiacha utelezi, msitumie. Petroli, mafuta ya taa na thina, hapana, zinakula plastiki na mpira. Msasa pia hapana kwa njia nyeusi za bodi. Zikiisha kukwanguliwa hazirudi.

Kama doa la kaboni kwenye mpira limelika, watu husugua penseli laini ya 2B juu yake. Inasaidia kwa muda, kama kiraka cha tairi. Juu ya mpira tu. Unga wa penseli ukidondoka kwenye bodi unaunganisha njia zisizopaswa kuungana.

Wakati mmefungua mtaona mengine. Sisi tumekuta sarafu, mifupa ya rozari, nta ya mishumaa, mayai ya mende, na mara moja kiota cha panya kilichojengwa kwa karatasi ya nyimbo za Majilio. Kibao kilichokwama mara nyingi kina sarafu upande wake, si ubovu.

TUNDU LA ADAPTA LINALOTIKISIKA

Kinanda kinawaka ukishikilia waya upande, kinazima ukiachilia. Kama adapta ni nzima, basi tundu limeachia kwenye bodi kwa sababu ya kuvutwa mara nyingi. Dawa yake ni kulehemu upya, au kuweka tundu jipya, na fundi yeyote mwenye mkono mtulivu anaiweza. Msikifunge waya kwa kamba na kuendelea. Mguso unaocheza unatoa cheche, cheche inatoa joto, na mwishowe inaungua bodi yenyewe. Ili kuzuia, waya upitishwe kwanza kwenye mguu wa stendi kabla ya kuingia tunduni, ili mtoto akiukwaa avute stendi, si tundu.

MAJI YAKIMWAGIKA

Zima, chomoa, toa mawe, pindua vibao vielekee chini. Kikae hivyo penye upepo siku mbili au tatu, si juani wala karibu na jiko. Msikijaribu kila saa "kuona kama kimepona". Kuwasha kikiwa na maji ndiko kunakoua. Kama ni soda au uji, sukari itabaki ndani hata maji yakikauka, kwa hiyo fungueni msafishe.

KUPELEKA KWA FUNDI

Wawili waende, si mmoja. Andikeni kinafanya nini na hakifanyi nini, na kilianza lini. Mwulizeni fundi akifungue mbele yenu na awaonyeshe kidude alichotoa. Fundi anayesema "kimekufa" bila kufungua, na papo hapo anataka kukinunua, mshukuruni mrudi nyumbani na kinanda chenu.

Kikundi cha kisa chetu sasa kina daftari linaloishi ndani ya mfuko wa kinanda. Anayekichukua anaandika tarehe, adapta ipo, pedali ipo, vibao vyote vinalia. Anayekirudisha anapiga vibao vyote 61 mbele ya katibu. Juu ya adapta mweka hazina ameandika kwa kalamu nyekundu: YA KINANDA TU. Na ndani ya jalada wameandika volti, ampea na picha ya duara lenye nukta.

YA KUFANYA NA KUJADILI KATIKA MKUTANO UJAO

1. Leteni kinanda, adapta na mawe. Kila mwanachama, hata asiyejua kupiga, asome volti, ampea na upande wa chanya kwa sauti. Je, adapta na kinanda vinakubaliana?

2. Kinanda chenu kikiharibika kwenye kazi ya kukodishwa, nani atalipa: aliyekodi, mpiga kinanda au mfuko wa kikundi? Mmeandika wapi?

3. Katika kila pesa ya kukodisha, mnatenga kiasi gani kwa matengenezo? Kama hamtengi, mlipataje pesa mara ya mwisho?

4. Kitu cha kikundi kilipoharibika mara ya mwisho, ni nani aliyelaumiwa kabla ya kitu kuchunguzwa? Je, yumo bado kikundini?